Mwanamke Aliyezishona Kadi za Wachezaji

Jumatano iliyopita asubuhi nilikuwa sokoni Mwanga nikichagua nyanya, simu ikaita. Alikuwa binti wa mama ninayemwandika leo, yule mwalimu anayekaa Gungu, na hakuzunguka: "Mama ametutoka alfajiri hii." Nyanya nikaziacha pale pale mezani, muuzaji akiniita. Ijumaa tulimzika Rusimbi, kwa misa na nyimbo, na watu walikuwa wengi kuliko viti. Mmoja wa wasemaji, mtu mwenye suti na nia njema, alisema marehemu alikuwa mama wa kawaida aliyekuwa na mapenzi ya kukusanya vitu vya kale, hususan kadi za wachezaji wa mpira. Watu wakacheka kidogo, kwa upole, kama tunavyowachekea wazee. Nilinyamaza kwa heshima ya msiba. Sasa matanga yameanuliwa, na mimi nina nafasi yangu hapa kila wiki, kwa hiyo ninasema: hapana. Hakuwa mtu wa vitu vya kale. Alikuwa mbishi, na ubishi wake ulikuwa na kazi maalumu, nami niliwahi kutumwa katika kazi hiyo mchana mmoja ambao sitausahau.

Kwanza kadi zenyewe, maana vijana watadhani nazungumzia zile picha zilizokuwa zikitoka kwenye pakiti za bigijii za kutafuna. Hizi zilikuwa kadi za usajili. Zamani kijana wa hapa asingeweza kuingia uwanjani kuchezea timu yoyote ya ligi bila kadi: karatasi ngumu yenye ukubwa wa kiganja, picha ndogo ya pasipoti imebanwa kwa pini pembeni, jina lake, jina la baba yake, mtaa aliozaliwa, timu yake, na muhuri. Refa alizikagua kabla ya filimbi, akizilinganisha picha na nyuso moja moja. Mama yetu huyu wakati huo alikuwa na banda la chakula karibu na uwanja, Ujiji. Siku moja alimkuta mhudumu wa ofisi ya mpira, ofisi ambayo siku hizi haipo tena, akiwasha moto wa chai kwa kadi alizokuwa akizitoa kwenye boksi.

"Unachoma nini?" akamuuliza.

"Kadi za zamani, mama. Tunahama. Wengine hawa wameshakufa."

"Kwa hiyo waliokufa ndio unawachoma?"

Yule mhudumu alikuwa na njaa. Boksi likabadilishwa kwa sahani ya ugali na mgebuka, samaki wa ziwa letu. Jioni, alipomaliza kuosha masufuria, mama akaanza kuzipekua, na katikati ya boksi akakutana na kaka yake. Kaka huyo alikufa kwa homa akiwa na miaka ishirini na miwili, na nyumbani kwao hapakuwa na picha yake hata moja. Mama yao alikuwa ameanza kusema kwamba sura yake inampotea. Aliniambia habari hiyo bila machozi. "Nikaona ananitazama," alisema, "nikajua hawa wengine wote nao wana dada."

Hapo ndipo alipoanza. Kutu ya pini ilikuwa imeanza kula nyuso, basi alizitoa pini zote na kuzishona picha upya kwa sindano na uzi, moja moja, kama mtu anayeshona vifungo. Aliweka majani makavu ya mwarobaini kuzuia wadudu. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna ofisi iliyowahi kulifikiria: akaanza kuandika nyuma ya kadi. Kila mzee aliyekula bandani kwake, kila mjane, kila refa mstaafu, alihojiwa. Nimezisoma kadi hizo. Nyuma ya mmoja ameandika: "Beki wa kulia. Hakuwahi kumpiga mtu teke. Aliogopa radi, mvua ikija alikuwa anatazama juu." Nyuma ya mwingine: "Golikipa. Alidaka penalti tatu siku moja, ya nne akalia." Na mwingine: "Hakuwa mzuri. Lakini hakukosa mazoezi." Mimi ni mtu wa kuandika kwa miaka mingi sasa, na sijui kama nimewahi kumweleza mtu vizuri namna hiyo.

Nilimfahamu kwa kugombezwa. Nilikuwa nimeandika katika safu hii habari ya bao lile maarufu, bao la dakika za mwisho ambalo timu ya mkoa iliwafunga wageni kutoka ng'ambo ya ziwa, na kama kila mtu hapa nilisema lilifungwa na mshambuliaji wa kati ambaye baadaye alikuwa mtu mkubwa mjini. Baada ya siku mbili kijana wa bodaboda akanifuata ofisini. "Kuna bibi Rusimbi anakuita," alisema. "Amesema usipokwenda atakuja yeye, na akija yeye itakuwa mbaya." Nikapanda pikipiki yake tukaondoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye unayeandika gazetini?"

"Ndiye mimi."

"Kaa. Lile bao alifunga nani?"

Nikamtaja niliyemtaja. Akatoa kadi ya mtu huyo, akanipa niisome kwa sauti. Upande wa mbele, kwa wino mwekundu na muhuri juu yake, ofisi ilikuwa imeandika kwamba mchezaji amefungiwa michezo mitatu, na tarehe ilikuwa ya wiki moja kabla ya mechi ile.

"Sasa niambie, mwandishi," akasema. "Aliyefungiwa atafungaje bao?"

Nilijitetea kwamba mji mzima unasema ni yeye. Akanijibu kwamba mji mzima haukuwepo, yeye ndiye aliyekuwepo, nyuma ya goli na beseni lake la vitumbua. Bao, alisema, lilifungwa na winga wa kushoto, mtoto wa Ujiji, wa familia ya Kimanyema, kijana mwembamba aliyekuwa na mbio za kutisha, ambaye baadaye alivuka ziwa kwenda kucheza Kongo na hakuonekana tena. Akanionyesha kadi yake. Jina, jina la baba, mtaa. Nyuma: "Mguu wa kushoto. Sikio la kushoto limechanwa na njumu, halikushonwa. Bao lile ni lake." Mwenye nacho huongezewa, nikasema, nikijaribu kuwa mtu wa hekima. Hakucheka. "Basi wewe usiwe wa kumwongezea," akasema.

Nikamuuliza kama anajua winga huyo aliko. Akatazama pembeni. "Yupo," akajibu, akanisogezea kikombe cha chai, na nikaelewa kwamba swali limekwisha. Niliandika masahihisho wiki iliyofuata, nikamtaja winga kwa jina lake na la baba yake. Nilipomuuliza mama kama nimtaje na yeye, kwa kuwa ushahidi ni wake, alinikatalia. "Mimi usinitaje. Mimi sikucheza." Ndiyo maana hata leo, akiwa kaburini, simtaji. Masahihisho yale yaliwaudhi watu. Nilipigiwa simu, nikaambiwa ninawachafua wakubwa, nikashauriwa na rafiki niandike kwamba pengine wote wawili walihusika. Sikuandika. Ningetaka kusema ulikuwa ushujaa wangu, lakini ukweli ni kwamba nilimwogopa yule mama kuliko nilivyowaogopa wao.

Kuna mtu mwingine aliyekutana na ubishi huo. Alikuja kutoka mbali na gari zuri, anakusanya kumbukumbu za michezo, na alikuwa ameorodhesha wachezaji watatu waliotoka hapa wakaenda kuchezea timu kubwa za taifa. Alitaka kadi zao tu. Alizungumza kwa adabu, akataja bei ambayo ingetosha kuezeka nyumba upya. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza: "Ukichukua hao watatu, hawa wengine nitawaambia wenzao wamekwenda wapi?" Yule bwana alidhani ni mzaha. Akaondoka na picha alizopiga kwa simu, na mama akamfungia machungwa ya njiani.

Sasa niseme habari ya mchana ule. Ni miaka michache baada ya masahihisho. Pale Kibirizi, mwaloni, palikuwa na mchukuzi mmoja mzee aliyekuwa akishusha mizigo kutoka kwenye maboti, na kila mtu alimwita Gunia. Hakuwa mtu wa maneno. Alilala kwenye stoo ya mfanyabiashara wa dagaa kama mlinzi, na hakuna aliyemjua kwa jina jingine. Aliwahi kunibebea mimi mwenyewe madumu mawili ya mawese mpaka barabarani, nikamshukuru bila kumtazama usoni. Aliugua ghafla, wakamkimbiza hospitali, akafariki siku ya pili. Siku zikapita, hapakutokea ndugu. Karatasi zikajazwa: mwanaume, mtu mzima, jina halijulikani. Akapangiwa kuzikwa pamoja na wengine wasio na wenyewe.

Mama alinipigia simu saa tatu asubuhi. "Njoo hospitali. Njoo na kitambulisho chako cha kazi." Nilimkuta nje ya chumba cha maiti, kanga moja kiunoni na nyingine mabegani, ameshika boksi lake. Hapo ndipo aliponiambia alichonificha. Alikuwa amemtambua Gunia, kwamba ndiye yule winga, miaka mingi kabla, siku aliyokwenda kununua dagaa. Alimwita kwa jina lake. Mzee yule alikataa kwamba ni yeye, kisha akakubali, kisha akamwomba asimwambie mtu. Aliondoka hapa akishangiliwa, alisema, akarudi na wakimbizi, mikono mitupu, mguu umeharibika. Hakutaka kwao wamwone hivyo. Mama aliahidi. Nilipoandika masahihisho alimpelekea gazeti Kibirizi akamsomea. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akainama, akajitwisha mzigo wake. "Huyo jamaa alikuwa na mbio," akasema, akaenda zake.

"Lakini uliahidi," nikamwambia mama.

"Niliahidi kumficha akiwa hai. Sikuahidi kumzika bila jina."

Mhudumu wa pale alikuwa kijana mstaarabu aliyechoka. Aliitazama kadi, akatikisa kichwa. "Mama yangu, hii picha ni ya mtu wa miaka ishirini. Aliyeko ndani ni mzee. Nitajuaje ni yeye?"

"Geuza nyuma, usome. Halafu kamtazame sikio."

Akaenda. Alikawia kidogo. Aliporudi, sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ni kweli, sikio limechanika," alisema. "Lakini mimi siwezi kumtoa kwa kadi ya mpira. Anatakiwa ndugu wa damu. Na gari limeshafika, makaburi yameshachimbwa."

Gari lilikuwa limeegeshwa nyuma, injini inaunguruma. Mama akaniweka kadi mkononi. "Nenda Ujiji, huu mtaa hapa, uliza ukoo huu. Ukiipoteza hiyo kadi usirudi." Kisha, mwanamke wa miaka zaidi ya sabini, akatandika kanga yake chini mbele ya tairi la gari la maziko, akaketi. Dereva akateremka. "Bibi, tafadhali, mimi nimetumwa tu." "Najua, mwanangu. Basi nipitie juu, uwaambie waliokutuma."

Mhudumu akanitazama mimi, akaitazama saa yake. "Mpaka saa saba," akasema. "Zaidi ya hapo siwezi."

Sijawahi kupanda bodaboda kwa kasi ile. Ujiji nilianzia kwa fundi cherehani, akanielekeza msikitini, msikitini wakanipeleka nyumba yenye mlango wa kijani. Alitoka bibi mmoja mwembamba, macho yamefifia. Nikampa kadi. Akaisogeza karibu sana na uso.

"Mmeipata wapi hii? Huyu ni kaka yangu. Tulishamsomea hitima zamani. Tulidhani maji yamemchukua."

Nikamwambia. Nilimwambia vibaya, kwa haraka, nikihofia saa. Akashika mwimo wa mlango.

"Alikuwa hapa? Kibirizi hapa hapa?"

"Hapa hapa, bibi."

"Miaka mingapi?"

Nilijua jibu kwa kukadiria, na sikuwa na moyo wa kulisema. Akawaita wanawe kwa sauti ambayo sikutegemea itoke kwenye mwili ule: "Vaeni kofia zenu! Twendeni tukamchukue mjomba wenu."

Tulifika hospitali saa saba ikiwa imepita kwa nusu saa. Nilikuwa nimeshakata tamaa njiani. Gari lilikuwa pale pale, injini imezimwa. Mama alikuwa pale pale, chini, na dereva ameketi kando yake amepakata boksi la kadi, anazipekua. Alikuwa akimtafuta baba yake, ambaye aliambiwa aliwahi kucheza. Hakumpata. "Niambie jina lake na alichokuwa anakifanya," mama alikuwa akimwambia, "kadi hatuna, tutaandika kwenye karatasi." Alipomwona yule dada mtu akishuka, alijaribu kuinuka akashindwa, miguu imekufa ganzi, ikabidi dereva na mhudumu wamwinue wote wawili. Winga wa kushoto akaoshwa, akavikwa sanda, akaswaliwa Ujiji kabla jua halijazama, na shehe akalitaja jina lake na la baba yake mbele ya safu za watu. Mama yetu, Mkristo wa Rusimbi, alisimama nje na wanawake, akawasaidia kupika. Na Ijumaa iliyopita, tulipokuwa tunamzika yeye, waliobeba jeneza upande wa mbele walikuwa vijana wawili wenye kofia za kiua, wana wa yule dada. Hakuna aliyewapanga. Walikuja wakashika.

Nimejiuliza wiki hii yote kwa nini tunawacheka watu kama yeye. Nadhani wanatuaibisha. Tunaishi katika mji ambao kijana aliyeketi kwenye kibanda cha kubeti anaweza kukutajia mabeki wa akiba wa timu ya nchi ambayo hataiona maishani, na umri wao, na majeraha yao. Simlaumu, mama mwenyewe alikuwa akienda kibanda umiza na kulipa kiingilio chake, na akibishana na televisheni. Lakini yule kijana anayajua hayo kwa sababu kuna watu wanaolipwa kuyaandika na kuyarudia kila siku. Beki aliyeogopa radi hakuwa na mtu wa kumwandika, isipokuwa muuza vitumbua. Tumezoea kuamini kwamba kinachostahili kukumbukwa kitakumbukwa chenyewe, na kwamba kama mtu amesahauliwa basi hakuwa mkubwa kiasi hicho. Ni uongo, na ni uongo unaowafaa wale walioshika kalamu, nikiwemo mimi. Mji mzima ulimpa bao mtu ambaye hakuwepo uwanjani, kwa sababu alikuwa na jina, na jina huvuta jina.

Na lipo jambo lingine linalonikera zaidi. Wakati wa uhai wake watu walimwambia mara nyingi kwamba anapoteza muda, kwamba hizo kadi azipeleke mahali, azikabidhi kwa wahusika. Ni wahusika gani? Wahusika ndio waliokuwa wanachemshia chai kwa kadi hizo. Kazi hii haikuwa ya mtu yeyote, ndiyo sababu akaichukua yeye, bila barua ya uteuzi, bila meza. Mkoa wetu umejaa kazi za namna hiyo. Majina ya walimu wa kwanza wa shule zetu, ya wakunga, ya mafundi waliochonga maboti tunayoyapanda mpaka leo, yote yako vichwani mwa watu wanaoondoka mmoja mmoja, na sisi tunangoja aje mgeni na gari zuri achague watatu.

Binti yake ameniambia hatauza wala hatagawa. Kila Jumapili baada ya misa boksi litakuwa wazi barazani Gungu, na kadi nyingi bado hazina kitu nyuma. Kama uliwahi kumwona mmoja wao akicheza, nenda ukaseme ulichokiona, hata kama ni neno moja, hata kama alikuwa mchezaji mbovu. Na kama wako hayumo katika kadi, mwandike wewe, nyumbani kwako, leo, kwa mkono wako na makosa yako ya tahajia. Huwa tunasema wakati ndio unaofuta watu. Wakati hauna mikono. Tunaowafuta ni sisi, kwa uvivu na kwa kuwaogopa wakubwa, na kazi tunayoifanya wenyewe tunaweza pia kuigomea.